Maji Hayaingii Pale Unapoyaona

Usiku wa kwanza nilipolala ndani ya boti, tone la maji liliniangukia kwenye jicho la kushoto. Nikageuka. La pili likaingia sikioni. Nje mvua ya masika ya Tanga ilikuwa inapiga kama mtu anayemwaga kokoto juu ya bati, na mimi, niliyekuwa nimefurahi kuokoa hela ya gesti, nikaanza kuhamisha mto, kisha godoro, kisha nafsi yangu yote, mpaka nikajikuta nimekaa kwenye ngazi nimekumbatia begi la kompyuta kama mtoto mchanga.

Boti haikuwa yangu. Rafiki yangu alikuwa akiitunza kwa niaba ya mzungu mmoja mzee aliyerudi kwao kutibiwa. Ni boti ya matanga ya faibaglasi, ya miaka ya 1970 mwanzoni, yenye kebini ndogo chini ya sitaha na madirisha marefu membamba pande zote mbili. Mchana madirisha yale yanaleta mwanga mzuri sana. Usiku wa mvua yanaleta maji.

Asubuhi rafiki yangu akamleta fundi, mzee aliyezeeka akigonga kalafati kwenye majahazi. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha dirisha baya kuliko yote, lile lenye doa la kahawia chini ya pembe ya kulia. Hakulitazama hata. Alitazama dari.

"Mwanangu," akasema, "maji hayaingii pale unapoyaona."

Nitarudi kwa mzee huyu. Ila sentensi yake ilinifanya nifungue tena vitabu ambavyo nimekuwa nikivisoma kwa miaka, vitabu vya watu waliovuka bahari kuu kwa vyombo vidogo. Nilikuwa nikivisoma kwa ajili ya mawimbi, upweke na Cape Horn. Baada ya usiku ule nilianza kuvisoma kwa ajili ya matundu. Na kumbe, ukivisoma hivyo, historia yote ya safari hizo ni historia ya watu wanaopigana na maji ambayo tayari yameshaingia.

*

Kwanza tuelewane: dirisha kwenye chombo cha baharini ni anasa. Majahazi yetu hayana. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake, ule uliokuwa ukishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za nazi bila msumari, haukuwa na dirisha, na bado ulivuja kila mahali, kwa sababu kila tundu la kushonea lilikuwa njia ya maji. Watu wa mtepe hawakuona aibu. Kulikuwa na mtu wa kushika usukani, mtu wa tanga, na mtu wa kukumba maji, na huyu wa mwisho hakupumzika kuliko wenzake. Upo, kile chombo cha kuchotea maji kwenye ngama, kilikuwa sehemu ya chombo kama mlingoti. Kuvuja kulikuwa kazi ya kila siku, kama kupika.

Wazungu nao, kwenye meli zao za mbao, waliishi gizani kwa karne nyingi. Walichofanya ni kupachika vipande vinene vya kioo kwenye sitaha ili mwanga ushuke chini, na ubavuni wakaweka matundu ya duara yenye fremu za shaba. Duara si urembo. Pembe ya mraba ndipo nguvu zote zinapokutana, na ufa huanzia hapo. Kioo kilikazwa kwa puti iliyochanganywa mafuta ya kitani, na puti ikikauka sana inapasuka, inatolewa, inawekwa nyingine.

Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, alikuwa na chombo cha aina hiyo. Spray ilikuwa mashua kuukuu iliyotelekezwa shambani huko Fairhaven, Massachusetts. Aliijenga upya ubao kwa ubao kwa miezi 13. Ukisoma kitabu chake utashangaa jinsi anavyozungumzia mbao na kalafati kwa utulivu wa mtu anayeeleza ukoo wake. Alijua kila mshono ulipo, kwa sababu ni yeye aliyeuziba.

Mambo yalianza kubadilika pale mashua ndogo zilipotaka kuwa nyumba. Watu wakataka kusimama wima ndani, wapike wakiona nje. Kebini ikainuka juu ya sitaha, ikapata kuta, na kuta zikapata madirisha. Hapo ndipo hadithi ya Tzu Hang inapoingia.

*

Tzu Hang ilikuwa mashua ya milingoti miwili, futi 46, iliyojengwa Hong Kong kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wenyewe walikuwa Miles na Beryl Smeeton, mume na mke, watu wazima ambao hawakukulia baharini. Mwishoni mwa 1956 waliondoka Melbourne kwenda kuzunguka Cape Horn, wakiwa na kijana mmoja, John Guzzwell, na paka. Kumbuka jina la Guzzwell. Alikuwa seremala, na mashua yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mikono yake, alikuwa ameiacha New Zealand ili aende nao.

Tarehe 14 Februari 1957, Beryl akiwa usukanini, wimbi moja liliinua tezi ya Tzu Hang juu kabisa, omo ikazama, na mashua nzima ikapinduka kichwa mbele miguu juu. Ilipoinuka tena haikuwa na milingoti. Beryl alikuwa baharini, bega limeumia, kamba yake ya usalama imekatika. Na kile kibanda cha juu ya sitaha, chenye madirisha yake mazuri ya kutazamia nje, hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa usawa wa sitaha kama unavyokata kichwa cha samaki. Palipokuwa na nyumba palibaki shimo la karibu futi 6 kwa futi 6, na Bahari ya Kusini inaingia.

Beryl aliogelea, akajivuta kwa mabaki ya milingoti, akapandishwa. Kisha wakaanza kukumba. Ndoo, ndoo, ndoo, kwa saa nyingi. Mumewe anaandika bila kujificha kwamba yeye aliona mambo yamekwisha. Aliyewavusha, ukiacha ukaidi wa Beryl, ni seremala. Guzzwell alitafuta vifaa vyake ndani ya maji yaliyojaa vitabu, nguo na chakula, akatoa mbao kutoka ndani ya mashua yenyewe, akaziba lile shimo kwa mbao na turubai. Baadaye akaunda mlingoti wa muda. Wakafika Chile kwa nguvu zao wenyewe.

Kitabu alichokiandika Miles mwaka 1959 kinaitwa Once Is Enough, yaani mara moja yatosha, na nadhani hakuna kichwa cha kitabu chenye kejeli kama hiki kwenye fasihi ya bahari, kwa sababu ndani yake wanajaribu tena, safari hii bila Guzzwell, na tarehe 26 Desemba 1957 wanapinduliwa tena. Cape Horn waliipita mwaka 1968. Ukikutana na nakala yake kwenye duka la vitabu vya mitumba, usiiache.

Mimi ninachokirudia ni kurasa za shimo. Miles hafanyi mashairi. Anakwambia ubao gani ulitoka wapi.

*

Wakati Smeeton wanakumba maji, wajenzi wa Marekani walikuwa wanajifunza kumimina mashua kwenye kalibu kama bakuli. Faibaglasi haina mishono, kwa hiyo haihitaji kalafati. Mwaka 1959, kwenye maonyesho ya boti New York, boti inayoitwa Triton ilionyeshwa, na baada yake watu wa kipato cha kawaida wakaanza kununua boti za matanga kama wanavyonunua magari. Ahadi ilikuwa kwamba uvujaji umekwisha.

Ulihamia dirishani tu. Kioo kiliachwa, likaja akriliki, lile jamii ya plastiki linaloitwa Perspex au Plexiglas, jepesi na lisilopasuka vipande vya kukata watu. Lakini akriliki inapenda kutembea. Chukua kipande cha mita 1, kipate jua la mchana kiongezeke joto nyuzi 30: kitarefuka karibu milimita 2. Fremu ya alumini inayokishika haitafika hata milimita 1. Usiku vyote vinarudi. Kesho tena. Fanya hivyo kila siku kwa miaka 10 na gundi iliyo katikati, inayovutwa huku na kule, itaachia. Haiachii yote kwa pamoja. Inaachia upana wa unywele, na maji hayahitaji zaidi.

Sisi tuna methali ya ufa na ukuta ambayo kila mwalimu wa darasa la tano anaipenda. Nimechoka nayo. Mwenye nyumba ana nafasi ya kujenga ukuta, pengine na ya kukopa saruji. Kwenye chombo, ukiwa maili 1,000 kutoka nchi kavu, ufa hauna hatua ya pili ya ukuta.

*

Machi 1968 gazeti la Sunday Times la London lilitangaza mashindano: kuizunguka dunia peke yako, bila kutia nanga bandarini, bila msaada. Wa kwanza kurudi angepata tuzo ya Golden Globe, na mwenye muda mfupi kuliko wote angepata pauni 5,000. Ruksa kuondoka siku yoyote kati ya Juni 1 na Oktoba 31. Waliondoka 9. Alirudi 1.

Aliyerudi ni Robin Knox-Johnston, afisa wa meli za British India, kampuni ambayo meli zake zilikuwa zikijulikana sana Mombasa na Dar. Mashua yake ilijengwa Bombay kwa mti wa msaji, kwa mikono ya mafundi wa kule, na ikaitwa Suhaili, jina la Waarabu la upepo wa Ghuba. Sisi tuna suheli yetu, kusini, na nyota yake. Kutoka Bombay aliileta kwanza kwenye pwani yetu, akashuka nayo hadi Durban, kabla ya kufika Uingereza. Kwa hiyo ukiniuliza, huyu ni wa Bahari ya Hindi kidogo.

Wiki chache tu baada ya kuondoka Falmouth, tarehe 14 Juni 1968, Suhaili ilianza kuingiza maji kuliko kawaida. Akavaa miwani ya kuogelea, akazama, akakuta mishono karibu na mkuku imefunguka pande zote mbili. Basi mtu yule, peke yake katikati ya Atlantiki, akajaribu kugonga pamba kwenye mshono akiwa chini ya maji, akizibana pumzi. Pamba ikatoka. Akapanda, akashona ukanda wa turubai, akaupaka lami, akautia misumari midogo ya shaba kabisa, ili akishuka asifanye lolote ila kugongelea. Katikati ya kazi akaja papa. Alipanda, akachukua bunduki, akampiga, akasubiri kuona kama wengine watakuja, kisha akarudi majini. Juu ya turubai akaongeza kipande cha shaba. Upande wa pili aliufanya siku nyingine.

Baadaye, kwenye Bahari ya Kusini, wimbi liliilaza Suhaili, na kebini yote ikasogea kwenye viungo vyake. Maji yakawa yanaingia pembeni mwa kuta. Aliishi hivyo, analala kwenye unyevu, anafunga kwa boliti, anapampu. Alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, siku 312.

Mwingine ni Donald Crowhurst. Nimemwogopa mtu huyu tangu nilipofika umri wake. Alikuwa na miaka 36, mke, watoto 4, biashara ya vifaa vya elektroniki inayoyumba. Chombo chake kilikuwa cha miili 3, ukikiona utasema ngalawa kubwa, ila yale magogo ya ubavuni ya ngalawa hapa ni mitumbwi mitupu ndani, kila mmoja na kifuniko chake cha kuingilia. Kilijengwa kwa pesa za mfadhili, kwa makubaliano kwamba akijitoa mapema atalazimika kukinunua. Kilijengwa pia kwa haraka ya kutisha. Aliondoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho inayoruhusiwa.

Siku chache baadaye alifungua kifuniko cha mtumbwi wa kushoto. Umejaa maji. Kifuniko hakizibi. Halafu akagundua kwamba mpira wa pampu, ule ambao ungemwezesha kunyonya maji kutoka kila chumba, umebaki nchi kavu. Maana yake ni ndoo, huku vifuniko viko wazi na mawimbi yanapita juu yake. Katikati ya Novemba kifuniko kingine, cha sakafuni pale anapokaa kuendesha, kikavujisha maji mpaka yakaifunika jenereta. Bila jenereta hakuna redio, hakuna taa.

Alikaa, akaandika hesabu ya hali yake kwa akili timamu kabisa. Hiyo ndiyo inayoumiza. Anaorodhesha kila kibovu. Anaona kwamba kwenye Bahari ya Kusini vifuniko vile vitamuua. Anaona pia kwamba akirudi atafilisika, na kila mtu atajua. Mbele kifo, nyuma aibu. Wengi wetu tungesema, rudi. Ila sisi hatujatia saini ule mkataba.

Hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Alibaki Atlantiki akizungukazunguka, na kuanzia Desemba akaandika safari ya uongo. Alituma habari kwamba amekimbia maili 243 ndani ya saa 24, rekodi. Na hapa naingia mimi, au kazi yangu. Magazeti yalichapa. Mzee Francis Chichester, aliyekuwa ameizunguka dunia mwenyewe mwaka mmoja tu nyuma, alizitilia shaka hesabu zile. Lakini nani anataka shaka ya mzee wakati kuna rekodi? Nimekaa kwenye vyumba vya habari saa 12 jioni ukurasa ukisubiri, namba nzuri imeingia kwa simu, na hakuna anayetaka kuwa yule wa kuuliza, "Umehakikisha?" Simlaumu mtu wa 1968 kwa urahisi.

Uongo ule ulizamisha chombo cha watu wengine. Nigel Tetley, naye na chombo cha miili 3, alikuwa karibu amalize, mashua imechoka, angeweza kuipumzisha. Aliposikia Crowhurst yuko nyuma yake anakuja mbio, akaisukuma. Ikavunjika na kuzama Mei 1969, yeye akaokolewa. Sasa Crowhurst alikuwa mbele ya ushindi wa muda mfupi, maana yake watu wangekaa na madaftari yake na kuyasoma mstari kwa mstari. Akaacha kuendesha. Akaandika maelfu ya maneno juu ya Mungu, muda na mchezo. Maandishi ya mwisho ni ya Julai 1. Tarehe 10 chombo kilikutwa kinaelea, kizima, hakuna mtu, madaftari mezani.

Knox-Johnston aliitoa ile zawadi ya pauni 5,000 kwa mjane na watoto.

Nicholas Tomalin na Ron Hall, waandishi wa Sunday Times lenyewe, ndio walioandika kitabu cha kisa hiki, kikatoka 1970. Ni uandishi wa habari wa hali ya juu, na wakati huohuo ni gazeti linalosafisha nyumba yake baada ya mafuriko. Ukikisoma, usiruke kurasa za vifuniko ukikimbilia zile za wazimu. Wasomaji wengi hufanya hivyo. Hata mimi mara ya kwanza nilifanya. Ukianzia kwenye wazimu, unamwona mtu wa ajabu. Ukianzia kwenye mpira wa pampu uliosahaulika, unamwona mtu unayemjua.

*

Mzee wa Tanga aliomba unga wa ngano. Rafiki yangu akadhani anataka kupika. Alitukausha madirisha yote kwa ndani, akanyunyiza unga kwenye kingo za kila fremu na kwenye kila tundu la skrubu tuliloliona, kisha akaniambia nitoke na kopo. Mimina chini ya dirisha kwanza. Subiri. Sasa pembeni. Subiri. Juu. Ukianza juu, alisema, maji yatashuka kila mahali na hutajua lipi ni lipi.

Dirisha langu la kulaumiwa lilikaa kimya. Unga mkavu. Ni nilipomwagia paa, karibu na fimbo ya kushikilia, ndipo mzee alipopiga ngumi ukutani. Maji yalikuwa yanaingia kwenye skrubu ya fimbo, yanatembea kati ya ngozi mbili za faibaglasi, yanashuka, yanatokea kwenye pembe ya dirisha karibu mita 1 mbali. Watu waliotangulia walikuwa wamelipaka dirisha lile silikoni, wakaipaka tena juu ya ile ya kwanza, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka. Walikuwa wanaziba mahali pa kulia, siyo pa kuingilia.

Madirisha mawili mengine yalivuja kweli. Yakatolewa, gundi yote ya zamani ikakwanguliwa, kazi ya siku nzima kwa patasi na kidole. Yakarudishwa na gundi mpya, na hapo kijana niliyekuwa mimi nikakaza skrubu kwa nguvu zote, mzee akanishika mkono. Ukiikamua gundi yote nje, hakuna kitakachonyooka akriliki ikitembea. Acha unene kidogo. Ikikauka ndiyo ukaze, taratibu.

Jioni tulimwaga maji kwa mara ya mwisho. Unga ulikaa mweupe. Rafiki yangu akafurahi, akataka kumlipa na kumsindikiza, lakini mzee alikuwa bado ndani, ameinua ubao wa sakafu anatazama ngama iliyo kavu. Akauliza upo uko wapi. Tukamwambia boti ina pampu ya umeme. Akatoka, akaenda mpaka kwenye jalala la ufukweni, akarudi na galoni la mafuta, akalikata kwa kisu upande mmoja, akaliosha kwa maji ya bahari, akaliweka chini ya ubao, akaufunika.